Nani Mkubwa, Wambui au Jerotich?

Vijana wangu, kila mwaka swali la kwanza mliloniuliza darasani lilikuwa lile lile: "Mwalimu, Kikorea kinachukua muda gani?" Na kila mwaka nilitamani kuwarushia chaki. Sasa nimestaafu, chaki nimeiacha, na wachache kati yenu mmeniomba niandike jinsi nilivyoanza. Haya, nimekaa. Nimeshainuka kwenda jikoni kuangalia kama maji yamechemka, na nilipofika nikakumbuka sikuwa nimeweka maji yoyote. Mnanijua. Kukaa mahali pamoja kunanishinda kuliko Kikorea chenyewe.

Wengi mnanifahamu kama mwalimu wa wakimbiaji. Vijana wa Chepsaita, wa Moi's Bridge, wa kila pembe ya huku kwetu, wamepita kwangu kabla ya kwenda kukimbia marathoni Korea, wakitaka maneno ya kutosha kuagiza chakula, kumwambia daktari kuwa goti linauma, na kujua basi linaondoka saa ngapi. Mnadhani nilisomea chuo fulani. Nilijifunza jikoni, nikiwa na miaka arobaini na kitu, mikono imejaa pilipili na kitunguu saumu. Wala sikujifunza kwa mapenzi. Nilijifunza ili niondoke Eldoret nisirudi tena.

Lakini kabla ya hayo, niwape kitu cha kazi, msije mkasema mzee anapiga domo tu. Kikorea kina hesabu mbili. Moja ni ya umri na vitu vya kushika mkononi, nyingine ni ya pesa na tarehe. Saa husemwa kwa ile ya kwanza, dakika kwa ile ya pili. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa Moi's Bridge, kijana mwenye mapafu ya ajabu na masikio ya uvivu, aliyejifunza hesabu moja tu kwa sababu ya pili aliiona ni usumbufu. Huko Korea, hotelini, akaambiwa saa ya basi. Ile hesabu aliyoijua akaishika, ile nyingine akadhani ni jina la dereva. Alipoteremka, basi limekwenda. Akaulizia njia kwa vidole, akakimbia mpaka mahali pa kuanzia, akafika akiwa ameshamaliza mbio zake na bado inambidi akimbie zile za watu. Aliponirudia hapa alikuwa mtu mwingine. Basi jifunzeni zote mbili tangu siku ya kwanza: ukipanda ngazi hesabu kwa hii, ukishuka hesabu kwa ile.

Sasa nirudi nyuma. Wazazi wangu walitoka upande wa kati wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mahindi, na mimi nikazaliwa huku huku, Cheptiret. Nilikua nikikisema Kinandi sawa na Kikuyu. Niliolewa, mume akafariki mapema, mtoto sikujaliwa. Nilikuwa na duka kando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru, duka la unga, sukari, sabuni na mafuta ya taa, na nilidhani nitazeekea nyuma ya ile kaunta. Halafu kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na duka likachomwa. Aliyewasha kiberiti simjui mpaka leo. Niliondoka na nguo nilizovaa, nikaishia kwenye mahema ya showground, ule uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya wenzangu.

Wengi pale hemani walikuwa wakisubiri lori za kuwapeleka Nakuru, Nyeri, Murang'a, kwa ndugu zao. Mimi niende kwa nani? Wazazi wamezikwa Cheptiret. Nikiulizwa kwetu ni wapi, jibu lilikuwa ni pale pale nilipofukuzwa. Hasira hiyo ilinikaa mwilini kama upele. Sikuweza kulala, sikuweza kukaa, nilizunguka ile kambi mpaka walinzi wakanizoea. Nilitaka kwenda mahali ambapo hakuna mtu angejali jina langu la pili, na nikifika huko nisahau kuwa kuna mji unaoitwa Eldoret.

Siku zile hata kufungua mdomo ilikuwa hatari. Sisi Wakikuyu wengi l na r zinatusumbua, na kijana mwenye rungu barabarani akitaka kukujua anakuamuru tu useme neno fulani. Kwa hiyo nilizoea kunyamaza. Baadaye nilipoanza Kikorea na kuonyeshwa kwamba wao wana herufi moja tu inayofanya kazi ya zote mbili, nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu kicheko kikageuka kilio, pale pale mbele ya bakuli la tangawizi. Nawaambia hivi kwa sababu wapo kati yenu mnaoona haya kutamka. Tamkeni. Korea hakuna atakayejua mnatoka upande gani wa Mto Nzoia.

Mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akileta uji kambini ndiye aliyenipatia kazi. Kulikuwa na Mkorea, Madam Seo, aliyekuwa na hosteli nje kidogo ya mji, barabara ya Iten, ambapo wakimbiaji wa kwao walikuja kufanyia mazoezi kwenye hewa yetu nyepesi ya nyanda za juu. Alikuwa amekimbia vurugu, sasa amerudi, na alihitaji wanawake wawili wa jikoni wa kulala huko huko. Nikaenda na mfuko wangu wa nailoni. Nikaingia jikoni. Ninayemkuta amekaa akimenya vitunguu saumu ni Jerotich.

Jerotich wa Cheptiret. Kwao kulikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu. Tulicheza pamoja tukiwa watoto, alinunua sukari kwangu miaka yote, na tangu ile siku ya moto hatukuwa tumeonana. Yeye naye alikuja mjini kutafuta kazi kwa sababu soko la kwao lilikuwa limekufa. Alinitazama, nikamtazama. Mimi nikawaza, huyu anajua ni nani aliyechoma. Yeye, aliniambia baadaye, alikuwa akiwaza: huyu anafikiri ni sisi. Hakuna aliyesalimia. Nikachukua kisu nikaanza na vitunguu.

Tulifanya kazi hivyo kwa wiki kadhaa. "Chumvi." "Hapo." "Maji." "Bado." Jiko zima lilikuwa limenuna.

Madam Seo alikuwa mwanamke mfupi, ameshapita sitini, mwenye mwendo wa kuku aliyeona kipanga. Neno lake la kutwa lilikuwa "ppalli, ppalli", haraka, haraka, na kwa hilo mimi na yeye tulielewana tangu mwanzo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, Kiingereza chake kidogo zaidi ya hicho. Akaamua ni rahisi sisi wawili tujifunze Kikorea kuliko yeye kujifunza kumsemesha kila mpishi mpya. Kila asubuhi, baada ya wakimbiaji kutoka, alimwaga unga wa ngano mezani, akausawazisha kwa kiganja, akaandika herufi kwa kidole. Sisi tunaiga, anafuta, tunaiga tena, halafu ule unga unakandwa. Hakuna kilichopotea. Nimewafundisha wengi wenu hivyo hivyo, mkalalamika kuwa mnachafua nguo, lakini herufi mlizishika upesi kuliko wale wa daftari.

Siku ya somo la kwanza, kabla ya herufi, alituuliza swali moja. "Wewe, miaka ngapi?"

Huku kwetu mwanamke mzima haulizwi hivyo. Nilimtazama kama amenivua kitambaa cha kichwa. Lakini kwao ndilo swali la kwanza, kwa sababu bila kujua nani ametangulia kuzaliwa hawajui waketi vipi, nani amimine chai, nani amwite mwenzake nini. Mdogo hamwiti mkubwa kwa jina. Mwanamke mdogo humwita aliyemzidi "onni", yaani dada mkubwa. Na jikoni, Madam akaeleza kwa mikono, mkubwa ndiye anayeonja mchuzi na kugawa kazi, mdogo anakwangua sufuria ya wali.

Ile sufuria ilikuwa na ukoko wa kuvunja kucha. Nikasema, arobaini na nne. Jerotich akasema, mimi arobaini na tano. Nikasema nimekosea, ni arobaini na sita. Akasema yeye alikuwa akihesabu ya kitambulisho tu, ya ukweli ni arobaini na saba. Tulipandishana kama watu wa mnada wa ng'ombe, mpaka Madam Seo akapiga meza, unga ukaruka.

"Basi, basi! Kesho nyinyi bibi yangu!"

Jerotich akanigeukia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kamili kwangu tangu moto. "Wambui, usimdanganye huyu mama wa watu. Mimi nilikuwa class one wewe ukiwa nursery, unabebwa mgongoni."

"Class one si ulirudia!"

"Nilirudia kwa sababu ya surua!"

"Ulirudia kwa sababu ya hesabu. Mwalimu alisema mbele ya watu wote."

Tulibishana asubuhi nzima. Kitambulisho changu kiliungua na duka, na hata kingekuwepo kisingesaidia, kwa maana karani aliyetuandikisha zamani aliwapa watu wengi wa Cheptiret mwaka mmoja na siku moja, amalize mapema aende kwake. Mimi niliambiwa nilizaliwa wakati wa kupalilia mahindi. Yeye aliambiwa ni wakati wa kuvuna. Lakini mwaka gani? Kila mmoja alivuta mwaka upande wake. Ikabidi tukumbushane mvua ile iliyobeba daraja, mwalimu yule aliyetembea na mbwa, harusi ya nani ilikuwa kabla ya nani. Katikati tulijikuta tunabishana kwa Kinandi, na Madam amesimama pale na kijiko, haelewi kitu, lakini hakutukatiza.

Hatukuafikiana. Tukaanza kukwangua sufuria kwa zamu, na neno onni hakuna aliyemwita mwenzake. Tuliitana "wewe" mwaka mzima na zaidi. Madam lilimkera sana jambo hilo. Kwake lilikuwa kama watu wawili kula wamesimama.

Niseme kidogo jinsi tulivyojifunza, maana ndicho mlichoniomba. Mimi nilikuwa mzuri wa kusoma. Nilisoma karatasi za viungo, magazeti yaliyofungiwa samaki wakavu, kila kitu. Jerotich alikuwa na sikio. Angesikia wakimbiaji wakigombana mezani na jioni angerudia ugomvi wote na sauti zao. Mimi kosa langu kubwa lilikuwa haraka. Kwa Kikorea kitenzi hukaa mwisho, na mimi nilikuwa nikimrukia mtu kabla hajamaliza. Kocha mmoja alianza kuniambia jambo kuhusu kuku, nikachukua kisu nikaenda nyuma nikamchinja jogoo. Kumbe alikuwa akisema jogoo yule asichinjwe, amemzoea kwa kumwamsha alfajiri. Alikula mchuzi wake kimya siku hiyo. Kwa hiyo msimkate Mkorea maneno. Mpaka afike mwisho hamjui kama anawapa au anawanyang'anya.

Na nyinyi wa siku hizi wa kujifunza kwa simu na tamthilia, sikilizeni. Mimi mwenyewe nimepitia kaseti, nikapitia CD, nikaja kwa hizo simu zenu, sina ugomvi na chombo. Lakini simu haikasiriki ukikosea. Binti mmoja wa Chepsaita alinijia na Kikorea kitamu cha tamthilia, kocha wa miaka sabini akaja kututembelea, naye akamsalimia kwa maneno ambayo mchumba humwambia mchumba wake kwenye mvua. Yule mzee alitafuta kiti. Tafuteni mtu wa kuwagombeza, ana kwa ana.

Sasa nifike penyewe. Madam Seo alikuwa na kaka huko kwao aliyesimamia bweni la timu moja ya mbio, na ndani ya timu kulikuwa na Wakenya waliokuwa wakikonda kwa kukosa ugali. Kaka akataka mpishi anayejua chakula cha huku na anayeweza kuongea na watu wa kule. Mkataba wa miaka minne, tikiti juu yao. Nafasi moja.

Madam alipotuambia, moyo wangu ulianza kwenda mbio na haukurudi. Hii ndiyo sababu nilikuwa nimeandika kwenye ule unga wote. Nilianza kusoma nikiwa napika, nikiwa nafua, nikiwa chooni. Jerotich naye alikuwa akisoma. Yeye alikuwa na mama, ndugu, shamba na ng'ombe, na bado alitaka kuondoka. Nilimchukia kwa hilo. Nilimwambia wazi, "Wewe unatafuta nini huko? Una kwenu."

"Na kama nimechoka na kwetu?" akasema. "Unafikiri ni wewe peke yako huwezi kupita pale barabarani?"

Madam akatupima. Tukapiga simu kwa kaka yake, tukasoma barua, tukaelekezwa mapishi. Mwisho akakaa, akasugua macho. Huyu anasoma, huyu anasikia. Uzito ni mmoja. Akasema kwao kukiwa na wawili walio sawa, mkubwa hutangulia, na mdogo husubiri zamu yake.

"Nani mkubwa? Mimi choka kuuliza. Enda, uliza mtu anajua. Leta jibu."

Mtu aliyejua alikuwa mmoja tu, mama yake Jerotich, kwa sababu ndiye jirani wa zamani aliyebaki hai. Na alikuwa Cheptiret.

Sikuwa nimekanyaga pale tangu ule moto. Nilikuwa nimejiapiza nisikanyage. Usiku kucha nilijipangia sababu za kukataa, lakini nikikataa, nafasi ni ya Jerotich. Tukaenda pamoja, kila mmoja na mawazo yake. Tulipofika sikugeuza kichwa kutazama palipokuwa duka. Nilihisi tu upande ule wa shingo yangu umekufa ganzi. Nilishajua nitakachoambiwa. Mama gani atamnyima mwanawe ndege kwa ajili yangu? Nilikuja kusikia uongo, niupokee, halafu niwe na haki ya kuwachukia wote kwa raha zangu.

Yule mama alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amezeeka sana kwa muda mfupi.

"Chamgei," nikamsalimu.

"Chamgei mising," akajibu. Akanitazama. "Wewe ni wa Wangari."

Hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina la mama yangu mbele yangu kwa miaka mingi.

Jerotich hakumzungusha. Alimweleza yote: Korea, mkataba, nafasi moja, na kwamba mkubwa ndiye atakayekwenda. Nilishangaa. Angeweza kuuliza swali bila kumwambia sababu, au angeweza kumwonya kwa jicho. Alisema tu. Mama akaendelea kuchambua, akitupa vijiwe pembeni. Akamaliza ungo. Halafu akanielekeza kwa kidevu.

"Huyu ndiye mkubwa."

"Mama!"

"Siku Wangari anajifungua ni mimi nilichemsha maji. Na tumbo langu lilikuwa hivi, na wewe ndani, unanipiga mateke. Mahindi yalikuwa kwa kiuno. Wewe ulikuja tukivuna."

"Mama, si unaniuza sasa?"

"Nimeulizwa nani mkubwa," mama akasema. "Sijaulizwa nani aende."

Jerotich aliinuka akaenda kusimama kwenye zizi, akitugeuzia mgongo. Mimi nikabaki pale. Nilikuwa nimeshinda na nilihisi kama nimepigwa. Kuna mtu ambaye aliniona natoka tumboni, na alikuwa akikaa ng'ambo ya barabara miaka yote hiyo, na mimi nilimhesabia gramu za sukari bila kujua. Yule mama akaleta chai, akaniwekea. Akasema bila kuniangalia, "Ile siku ya duka lako nilisikia kila kitu. Nilifunga mlango nikakaa ndani."

Nilitaka kupiga kelele, na nilitaka kumshika mkono. Nilikunywa chai yangu mpaka majani ya chini.

Tuliporudi hosteli sikuamini kwamba jambo limekwisha. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza Jerotich atamwambia Madam nini, kwa kuwa hakukuwa na shahidi mwingine, na Kikorea chake cha kusema kilikuwa kinapita changu. Madam alikuwa akipakua wali. Akauliza kwa jicho. Nikafungua mdomo. Jerotich akanitangulia. Alichukua bakuli la kwanza, akalishika kwa mikono miwili, akanyoosha kwangu na kuinamisha kichwa.

"Onni," akasema. "Kula."

Madam Seo akapiga makofi. Mimi sikuweza kula. Nilikuwa nimejiandaa kuondoka nchi hii kama mtu asiye na mtu, na sasa nilikuwa nikimwacha mdogo wangu na sufuria ya wali.

Nilikwenda. Kuhusu Korea niliwaeleza darasani mpaka mkachoka: sakafu zenye joto, theluji, wakimbiaji wetu wakilia kwa furaha mbele ya sukuma wiki. Nilichoficha ni kwamba hata huko sikutulia. Nilikuwa na kitanda kizuri na bado nilizunguka bweni lile kama nilivyozunguka kambi ya showground. Nusu ya mkataba ilipofika nilimwambia kaka yake Madam kuwa nimechoka, na kwamba yuko mdogo wangu Eldoret anayesikia vizuri kuliko mimi, na miaka iliyobaki ni yake. Msinisifu kwa hilo. Ningekaa ningeharibu chakula cha watu. Nikarudi, nikapanga chumba mjini, nikaanza kufundisha. Jerotich akaenda, akamaliza mkataba, akapata mwingine, na mwingine. Hakurudi kuishi tena. Nikimpigia simu siku hizi anaongea Kikorea cha mwendo wa pikipiki, namwambia, polepole mdogo wangu, mimi ni mzee.

Cheptiret nilikuwa nikienda mara moja moja kumwona yule mama, kwa kuwa Jerotich aliniomba. Nilipeleka dawa za presha, nikanywa chai, nikaondoka kabla jua halijazama. Kuhamia tena, hapana. Kulala hata mara moja, hapana.

Kisha mama akafariki. Jerotich alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo, madaktari wakamkataza ndege. Alinipigia akilia.

"Onni, nenda usimame pale mbele."

"Nisimame kama nani, Jerotich? Pale Cheptiret, mbele ya wale watu wote, nisimame kama nani?"

"Wewe nenda tu. Nimewaambia."

Nilikwenda, nikachagua kiti cha nyuma kabisa ya hema, upande wa barabara, ili mambo yakiniwia magumu niteleze niende zangu. Ibada ikaisha. Mwendesha ratiba akachukua kipaza sauti, akasema watoto wa marehemu wajitokeze, kuanzia kifungua mimba. Kila mtu alijua kifungua mimba yuko Korea. Nikaona Kiprono, mdogo wake Jerotich, anatoka mbele, anapita katikati ya viti, anakuja huku nyuma. Huyu Kiprono tangu ule moto hakuwahi kunitazama usoni, na mimi sikuwahi kumuuliza kwa nini. Alisimama mbele yangu, macho chini.

"Dada," akasema, "tunakungoja wewe."

Nilimfuata. Sijui niliufikiaje mstari ule. Walinisogeza mwanzo kabisa, kabla yao wote. Mwendesha ratiba akanitazama, akatazama karatasi yake, akamnong'oneza Kiprono, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na hema zima likasikia. "Na huyu mama ni nani?"

"Huyu ndiye mkubwa wetu," Kiprono akasema.

Watu wakageukiana. Nikapewa kipaza sauti nijitambulishe. Mbele yangu kulikuwa na nyuso za watu niliowahi kuwauzia sabuni, nyingine nilizozikimbia. Nikataja jina langu, la kwanza na la pili. Nikasema mimi ni binti ya Wangari, nimezaliwa hapa Cheptiret mahindi yakiwa kwa kiuno, na maji yalichemshwa na huyu tunayemzika.

Tukasogea kaburini. Wote wakasimama wakiningoja. Nikainama nikachota udongo, mimi kwanza, halafu wadogo zangu wakafuata.